Ushahidi: programu huria iliyojitangaza yenyewe

Swali linalonijia mara kwa mara ni hili: nikishaandika programu huria, nitawavutaje wenzangu waitumie? Jibu langu ni historia, tena ya hapa kwetu.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ukiwa Nyacheki maana yake ni rahisi kuelewa: nyumba zikiteketezwa mpakani mwa Borabu na Sotik, unabaki na simu za jamaa na uvumi wa sokoni.

Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, kwenye blogu yake Kenyan Pundit, aliomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya maovu yaliyokuwa yakitendeka. Walioitika ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani. Kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Hakuna mabango, hakuna fulana za bure!

Mei mwaka huo wageni waliposhambuliwa Afrika Kusini, msimbo ule ukatumika huko pia. Ikawa wazi kwamba wengine wanahitaji kuuchukua na kuusimika wenyewe, basi ukaandikwa upya kwa PHP, juu ya fremuweki ya Kohana.

Kohana nayo ina kisa chake. Ilichipuka mwaka 2007 kutoka CodeIgniter, kwa kuwa watumiaji walitaka kuwa na sauti zaidi katika kuiendeleza. Na PHP? Haikuwa lugha ya kuringia (watu wa Rails walitucheka sana), lakini ilikuwepo karibu kila seva ya bei nafuu. Mwanafunzi mwenye nafasi ndogo ya kukodi angeweza kusimika Ushahidi bila kumpigia mtu magoti. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliwavuta waandishi wa programu kuliko hotuba yoyote.

Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, ramani ilifunguliwa ndani ya saa chache, na wanafunzi wa Boston wakakesha wakiingiza taarifa za walionaswa kwenye vifusi. Hawakuhitaji kumsubiri mtu wa Nairobi.

Kohana haiendelezwi tena, na Ushahidi ilishahamia misingi mingine. Msimbo bado uko wazi GitHub, kwa yeyote anayetaka kuufungua na kuusoma.