Ukomo wa kungoja

"Muda umekwisha." Ujumbe huo ukitokea kwenye simu ya mteja wa Uvira, Kongo, aliyetoka kubonyeza kitufe cha kulipa, atafikiri nini? Huenda akadhani mega zake za intaneti zimeisha. Au ataamini malipo yamekataliwa, alipe tena, kumbe fedha za kwanza zilishatoka.

Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "timeout" imempoteza kabla hata mtambo haujakosea. Jambo lenyewe mafundi huliita taimauti: programu imekubali kungoja jibu la mwenzake kwa kipindi fulani, na kipindi kikipita inaacha kungoja. Basi. Malipo yanaweza kuwa yamefaulu, yamegonga mwamba au yako njiani, na programu iliyoacha kungoja haijui ni lipi kati ya hayo. Ndiyo sababu nasema tuliite ukomo wa kungoja. Wanafunzi wa kompyuta wa Uvira, wanaosoma kwa Kifaransa, wana "délai d'attente dépassé", na humo kungoja kumetajwa waziwazi. Sisi tumefuata Kiingereza, tukatafsiri muda na kuliacha neno lenye uzito.

Tazama linavyotokea. Vodacom iliingiza M-Pesa Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Tuseme mfanyabiashara wa bandari ya Kalundu, huko Uvira, analipia nafasi ya mzigo kwenye tovuti inayokaa winguni, yaani kwenye seva za kukodi zilizoko Cape Town au Ireland. Anabonyeza. Tovuti inapeleka ombi kwa huduma ya malipo, nayo huduma inamtumia kidirisha cha kuandika namba ya siri. Wakati huo anabishana na mpakiaji kuhusu magunia, mtandao, au rezo kama wasemavyo hapo, unayumba, na simu imerudi mfukoni. Sekunde 40 zimepita. Ukodishe seva yenye nguvu kiasi gani, anayengojwa ni mtu.

Huko winguni subira ni fupi. Huduma ya seva za kukodi ya Heroku, kwa mfano, hulipatia ombi sekunde 30; jibu lisipoanza kutoka, ruta yake hukata na kuandika kosa H12. Lakini programu iliyo nyuma ya ruta haiambiwi iache, hivyo inaendelea na kazi yake. Mteja anaonyeshwa kosa, na muda mfupi baadaye malipo yaleyale yanakamilika.

Wapo wanaoona dawa ni kurefusha ukomo. Mimi siafiki. Kila ombi linalongoja limeshikilia sehemu ya seva, na wateja wachache tu wanaotafuta namba zao za siri wanatosha kumzuia hata aliyekuja kutazama bei.

Ukurasa usingojeshwe kabisa. Tovuti ipokee ombi, iliandike kwenye hifadhidata kuwa bado halijajibiwa, ilitie kwenye foleni, kisha imjibu mteja papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Kazi ya kuzungumza na huduma ya malipo ifanywe na programu nyingine inayochukua maombi kutoka kwenye foleni. Daraja, mlango wa Safaricom kwa waandishi wa programu, umejengwa juu ya mpango huo: ukiomba mteja atumiwe kidirisha, unapewa mara moja namba ya kumbukumbu, na matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani uliyoitaja. Yasipokuja, unauliza kwa namba hiyohiyo. Kuuliza hakumtozi mtu. Kutuma ombi jipya ndiko kunakotoza.

Lililo muhimu kuliko yote ni kitambulisho cha malipo. Kitolewe mara moja, mteja anapobonyeza, na kisibadilike hata ombi likirudiwa, ili huduma inayokitambua ijue kwamba ni deni lilelile. Si huduma zote zinazofanya hivyo. Soma maelekezo ya unayoitumia kabla ya kuruhusu programu yako irudie ombi lolote.

Nanyi mnaotengeneza tovuti kwa watu wa Uvira, Baraka na Kigoma, futeni "Muda umekwisha" leo. Andikeni: "Jibu la malipo yako bado halijafika. Usilipe tena, tutakujulisha kwa ujumbe."