Mzee Morris: Ngoma Tuliyoijua Bila Kumjua Mpigaji



Sisi tuliokulia Mbwera, katika delta ya Rufiji, tulipima wakati kwa vitu viwili: maji kupwa na kujaa, na redio ya betri. Ilipotimu saa mbili usiku ngoma za Radio Tanzania zililia, na wazee wakainua mkono kuwanyamazisha watoto, kwani taarifa ya habari imewadia.

Siku moja mwalimu wetu aliuliza darasani: "Nani anapiga ngoma zile?" Tulinyamaza kimya. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba ni mashine. Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu bora.

Mpigaji ni Mzee Morris Nyunyusa, mtu wa Mkoa wa Lindi, ng'ambo ya kusini ya mto wetu. Alikuwa kipofu. Alijizungushia ngoma za ukubwa mbalimbali, zaidi ya kumi, akazipiga zote peke yake, kila moja akiijua kwa mahali pake na kwa sauti yake.

Vijana wa leo humsifu mpiga dramu wa bendi ya rock kwa sababu mikono na miguu yake hufanya kazi ya watu watatu. Wanastahili sifa hiyo. Lakini tukumbuke kwamba Ginger Baker, mpiga dramu mashuhuri wa bendi ya Cream ya Uingereza, alikuja Nigeria na kupiga pamoja na Fela Kuti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bingwa wa rock alifuata ngoma Afrika. Nasi tulikuwa na bingwa wetu: mwaka 1970 Mzee Morris aliiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Japani.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ngoma ya Mzee Morris haikupasuka. Radio Tanzania, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1965, imekwisha kubadilishwa jina, lakini mlio ule umebaki masikioni mwa vizazi. Kilichopotea ni jina la mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati ngoma hizo zilikwisha lia kwa miaka mingi. Sheria ni jambo jema, lakini haiwezi kumlinda mtu ambaye hata jirani zake hawamtaji.

Hapo sina budi kujilaumu. Mzee aliyepiga msondo kijijini kwetu amekwisha fariki. Nilimwona akiota ngoma moto ili ngozi ikaze, nikacheza kwa mdundo wake, kisha nikaenda chuo kikuu na kuingia serikalini, ambako kazi yangu ni kuandika. Nimeandika mafaili mengi. Juu yake sikuandika hata ukurasa mmoja.

Wadogo zetu, msirithi kosa hilo. Likizo hii kila mmoja amwendee mpiga ngoma mmoja wa kijijini kwake, amwulize jina lake, alijifunza kwa nani, na ngoma zake zinaitwaje. Andikeni katika daftari, na mkutano ujao mje nayo. Mimi nitaanza kwa kuwauliza watoto wa yule mzee yale wanayoyakumbuka.