Kipupwe cha Mgololo na Mbio Zisizoandikwa

Mwezi wa Juni uingiapo, ukungu huilalia misonobari ya Mufindi, na Mgololo, palipojengwa kiwanda cha karatasi katika miaka ya 1980, hupambazukiwa na baridi. Akimbiaye barabarani saa hizo huanza na misuli iliyokakamaa. Ikisha kupata moto, baridi humfaa, kwani joto la mwili humtoka upesi, asilemewe nalo kama mkimbiaji wa pwani.

Historia ya riadha ya Tanzania, hata hivyo, imeandikwa kwa viwanja vikubwa: Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari alipomaliza marathoni wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, Christchurch mwaka 1974, Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wote wawili ni wa nyanda za juu za kaskazini, Mbulu na Karatu. Kusini nako kuna miinuko na baridi. Kunena kwamba watu wake hawana mbio ni hukumu ya haraka mno. Mwinuko peke yake haumfanyi mtu mkimbiaji. Hutakiwa pia mashindano madogo, shule kwa shule, kijiji kwa kijiji, yarudiwayo kila kipupwe, na mtu mwenye saa na daftari wa kuandika nani alifika wa kwanza, na kwa muda gani.