Mzunguko, si Mnyororo

Mvuvi wa Kibajuni avutapo kasia nje ya Ras Kamboni, misuli yake hupata nguvu kwa njia iitwayo mzunguko wa asidi sitriki. Sisi wafasiri tukiandika "mnyororo" tutapotosha, na historia ni shahidi. Szent-Györgyi alikwishaonyesha hatua kadhaa. Mwaka 1937, mjini Sheffield, Krebs na Johnson, wakichunguza misuli ya kifua cha njiwa, waliunganisha ncha zake. Oksaloasetati yenye kaboni 4 hupokea asetili yenye kaboni 2, ikazaliwa sitrati, ile asidi ya ndimu, yenye kaboni 6. Kaboni 2 hutoka kama kaboni dioksidi anayoipumua mvuvi, elektroni hupelekwa kuzalisha ATP, na oksaloasetati hurudi palepale. Jarida la Nature halikuichapa barua ya Krebs. Nobel aliipata mwaka 1953.