Fundi Cherehani wa Ibanshe

Mwaka 1931, katika galari moja ya Brussels, picha za Mkongo zilitundikwa katika onyesho moja na za René Magritte na Paul Delvaux. Magritte unamjua hata kama hudhani unamjua: ndiye aliyechora kiko halafu akaandika chini yake kwamba hicho si kiko. Mkongo aliitwa Djilatendo. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, huko Ibanshe, mkoa wa Kasai.

Natumia jina hilo kwa sababu ndilo lililozoeleka. Vitabu vingine vinamwita Tshyela Ntendu, vingine Tshelantende. Mwaka wake wa kuzaliwa huandikwa "karibu 1895". Karani aliandika alivyosikia, na sisi tukarithi masikio yake.

Ili kumfikia inabidi tuanzie Bukama, Katanga, mahali ambapo hata msee wa Buruburu angeelewana na watu, maana Kiswahili kiko huko. Reli ilifika Bukama kutoka kusini mwaka 1918, ikakutana na meli za mto Lualaba. Mwaka 1926 afisa mmoja wa kikoloni, Georges Thiry, alipita hapo akaona nyumba zimechorwa ukutani. Akauliza ni kazi ya nani. Ilikuwa ya Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry aliona mvua haitahurumia ukuta wa udongo, akamletea karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Baadaye Thiry akakutana na yule fundi wa Kasai, na yeye pia akapata karatasi.

Lubaki alipenda hadithi: wanyama, watu, miti, mengi yakielea kwenye karatasi bila ardhi chini. Djilatendo alichora chui, askari, hata ndege na magari. Lakini kuna karatasi zake ambazo hazina kitu chochote cha kutajwa. Mistari inapinda, inakatana, inarudi. Miraba inapangana mpaka ukingo wa karatasi. Hiyo ni sanaa ya dhahania, bila chenga. Wengine husema alinakili tu vitambaa vya Wakuba, majirani zake, wanaosuka nyuzi za mwale kwa miundo inayobadilika katikati ya safari. Sikubaliani na hilo neno "tu". Matisse alikuwa na vitambaa hivyohivyo kwenye studio yake, na hakuna aliyesema amenakili tu. Halafu fikiria fundi wa nguo anavyoona dunia: vipande bapa, kingo, mshono unaounganisha visivyofanana. Mtu huyo hakuhitaji kufundishwa na Brussels kwamba picha inaweza kusimama bila mtu ndani yake.

Wachoraji wa nganya hapa Eastlands wanaelewa hili haraka kuliko wasomi. Ubavu mzima wa gari unajazwa mistari ya kuvunjikavunjika, na hakuna abiria anayeuliza inamaanisha nini. Ila ukimwambia msee anachofanya ni dhahania, anacheka: hiyo ni ya wazungu, bana.

Tatizo lilikuwa karatasi. Thiry alizipeleka picha kwa Gaston-Denys Périer, afisa wa Wizara ya Makoloni Brussels, aliyejuana na wasanii na waandishi wa huko. Ndiye aliyefungua milango: Brussels 1929, Geneva 1930, kisha hilo onyesho la 1931. Karatasi ilitoka kwa mzungu ikarudi kwa mzungu, na mchoraji alibaki alipo. Baada ya katikati ya miaka ya 1930 mfereji ulikauka. Hakuna karatasi, hakuna picha, hakuna jina.

Upande wa picha za kamera mambo yalikuwa vilevile. Man Ray, Mmarekani wa Paris aliyejaribu kutengeneza picha bila kamera kwa kuweka vitu juu ya karatasi inayonasa mwanga, aliwapiga picha wanamitindo wakiwa wamevaa kofia za Kongo. Mwaka 1937 jarida la Harper's Bazaar likazichapisha. Mmoja wa wanamitindo alikuwa Adrienne Fidelin, kutoka Guadeloupe. Man Ray tunamjua. Waliosuka zile kofia nani anawataja?

Mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris iliandaa onyesho kubwa la sanaa ya Kongo, "Beauté Congo 1926–2015", na hawa wachoraji wakarudi ukutani. Angalia hiyo tarehe ya kwanza. 1926 ni mwaka ambao Thiry alipita Bukama. Kuta zilikuwa zimeshachorwa alipofika.

Miaka saba baadaye, mwaka 2022, kundi la Wajukuu kutoka Mukuru, kina Shabu Mwangi na Ngugi Waweru, lilialikwa kwenye documenta, Kassel, Ujerumani. Walifunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati yenye kutu, kama ya nyumba za mtaani kwao, ukabidi uinamishe macho kutoka mwangani hadi gizani ndipo uingie. Wakapewa Tuzo ya Arnold Bode. Jina lililoandikwa kwenye tuzo lilikuwa lao, na lilikuwa limeandikwa sawasawa.