Gofu si chakavu

Injini ya trekta iliyokufa ikifika kwa mnunuzi wa vyuma hupandishwa kwenye mizani na kulipiwa kwa kilo. Hapo jina lake ni chakavu, na jina hilo limekwisha kuipangia bei. Injini hiyohiyo ikirudi kwa kampuni kama Caterpillar, iliyoanza kazi hii mwaka 1973, swali si uzito tena. Bloku imepasuka? Vipande vyote vimo? Hufunguliwa yote, husafishwa, hupimwa, kilicholika hubadilishwa, kisha huungwa na kujaribiwa kwa kipimo cha injini mpya.

Kitu hicho kilichorudi nakiita gofu. Kukiita kiini, tafsiri ya “core” ya Kiingereza, ni kufuata lugha ya wengine. Kiini cha yai kimo ndani, nacho bado kizima. Gofu tunalijua tangu Kilwa Kisiwani: wenyewe wameondoka, kuta zimesimama, na mjuzi akitazama anaona nyumba.

Kazi yenyewe siiti kutengeneza upya. Fundi wa gereji aliyebadilisha ringi tu naye ametengeneza. Kuunda ni neno la mafundi wa majahazi, linadai chombo kizima kitoke. Basi, kuunda upya. Na safari nzima, bidhaa kwenda na magofu kurudi, iwe mnyororo wa ugavi wa mzunguko. “Uliofungwa”, tafsiri ya “closed-loop”, hunikumbusha duka lisilouza.

Mnyororo huo hauna bwana mmoja, na hapo ndipo penye kazi. Kiwanda hupanga bei ya jumla, duka huongeza faida yake juu, kila mmoja anavutia kwake, na bidhaa humfikia mnunuzi ghali kuliko ambavyo ingekuwa chini ya mwenyewe mmoja. Wachumi hulipima jambo hili kwa nadharia ya michezo. Wapo wanaosikia mchezo wakadhani mzaha. Wawaulize wanawake wa Dar es Salaam wanaocheza mchezo wa fedha, yaani upatu: kila mmoja ana hesabu zake, na pato lake limo mikononi mwa wenzake. Neno lilikuwa tayari kwa kazi hii kabla hatujalihitaji.

Mwaka 2004 Savaskan, Bhattacharya na Van Wassenhove waliuliza nani akusanye magofu: kiwanda, duka au mtu wa tatu. Katika mchezo wao kiwanda hutangulia kuamua, wengine hufuata. Jibu likawa duka, lililo karibu zaidi na mnunuzi. Kila bidhaa linayouza leo huenda ikawa gofu litakalolilipa kesho, kwa hiyo lina sababu ya kushusha bei.

Kuwapatanisha hao wanaovutia kila mmoja kwake huitwa uratibu, na katika elimu hii si amri ya mkubwa. Ni mkataba uliopangwa hivi kwamba kila mmoja akifuata faida yake, wote wanafika pale ambapo mwenye mnyororo mzima angefika.

Limebaki jina la fedha ambazo mnunuzi huweka na kurudishiwa akileta injini yake ya zamani. Wengi wataandika dhamana. Mimi nashikilia amana, kwa sababu injini iliyoundwa upya huuzwa pia na dhamana ya ubora, na risiti moja haiwezi kubeba dhamana mbili bila mnunuzi kudai ile isiyo yake.