Sindano Iliyotangulia Dawa Yake

Iguguno ni mji mdogo wa barabarani, kwenye lami inayotoka Singida kuelekea Nzega, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mkazi wa mji wa namna hii anayeteswa na vidonda vya tumbo au kiungulia anaifahamu omeprazole kwa sura mbili: kapsuli ya kumeza na sindano ya mshipani. Ukimuuliza ipi ina nguvu, mara nyingi atakujibu sindano, tena bila kusita. Wataalamu wengi huliita jibu hilo ujinga, nami naona wanakosea. Imani hiyo ina historia, na ni historia ya mafanikio. Ila mafanikio yenyewe hayakupatikana kwenye tumbo. Sindano ilijijengea jina kwa magonjwa mengine kabisa, na dawa za kupunguza asidi zilipofika zilikuta kiti kimeshatandikwa.

Tuanzie kwenye buba. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika na madaktari wa misheni walianza kuitibu kwa sindano za bismuth na za dawa zenye arseniki. Buba ni ugonjwa unaoonekana: vidonda viko usoni, miguuni, kwa watoto, mbele ya kila mtu. Baada ya sindano chache vilikauka, na kijiji kizima kilishuhudia. Watu ambao hadi hapo walikuwa wakiikwepa hospitali walijipanga foleni kuitafuta sindano. Kisha ikaja penisilini. Kampeni ya WHO na UNICEF iliyoanza miaka ya 1950 ilitibu takriban watu milioni 50 katika nchi 46, wengi wao kwa dozi moja tu. Ni kweli kwamba buba hupenda nchi zenye joto na unyevunyevu, na Singida ni kavu. Lakini hata huko bara sindano haikukosa mashahidi. Kulikuwa na PPF, yaani penisilini ya kuchomwa msulini, kulikuwa na klorokwini na kwinini kwa homa kali, na tangu mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, mgonjwa wa kifua kikuu alichomwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Wengi wa waliofuata masharti walipona. Mtu aliyeyaona hayo yote akahitimisha kwamba sindano ndiyo dawa hasa, amefikiri vizuri kwa ushahidi aliokuwa nao.

Upande wa tumbo, wakati huohuo, hapakuwa na la kujivunia. Kwa miongo mingi mgonjwa aliambulia maziwa, ushauri wa kuacha pilipili, na vile vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, ambavyo huituliza asidi kwa saa chache kisha moto ukarudi palepale. Aliyezidiwa alipasuliwa. Mabadiliko yalianza Uingereza mwaka 1976, simetidini, dawa ya kupunguza asidi, ilipoingia sokoni, tunda la kazi ya James Black aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ranitidini ilifuata mwaka 1981, na omeprazole ya Wasweden mwaka 1988. Hapa kuna jambo dogo ambalo wanaoandika historia ya dawa hulipita haraka. Ranitidini ilikuja pia katika ampuli ya mililita 2 yenye miligramu 50, na iliweza kuchomwa kwenye msuli, yaani palepale penisilini ilipozoea kuchomwa. Kwa macho ya mgonjwa haikuwa na tofauti na PPF. Omeprazole haikubali hivyo. Ni unga mweupe, miligramu 40 ndani ya kichupa, unaoyeyushwa muda mfupi kabla ya kutumiwa na kupitishwa taratibu mshipani, mara nyingi kwa dripu. Ranitidini ilipoondolewa katika masoko mengi kuanzia 2019 na 2020 kwa sababu ya uchafu unaohofiwa kuleta saratani, uwanja ukabaki kwa omeprazole na nduguze kama pantoprazole. Sindano ikahama kutoka kwenye msuli hadi kwenye mshipa, na kwa kuwa sasa inaning'inia kwenye chupa na kuchukua muda, heshima yake ikaongezeka badala ya kupungua.

Je, heshima hiyo inastahili? Kwa ugonjwa mmoja, ndiyo, bila ubishi. Mwaka 2000 madaktari wa Hong Kong walichapisha matokeo ya wagonjwa 240 wenye vidonda vinavyovuja damu, ambao damu ilikuwa imezuiwa kwanza kwa kutumia endoskopu, yaani mrija wa kuchungulia tumboni. Nusu yao walipewa omeprazole ya mshipani kwa saa 72, nusu wakapewa dawa bandia. Ndani ya siku 30 damu ilirudi kwa wagonjwa 8 wa kundi la kwanza na 27 wa kundi la pili. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tuusome utafiti hadi mwisho: saa 72 zilipokwisha, wagonjwa wote waliendelea na omeprazole ya kumeza kwa wiki nane. Sindano ilivusha siku za hatari, na kidonge kikaifanya kazi ya kuponya.

Tena, kwa vidonda vingi asidi si chanzo. Barry Marshall na Robin Warren, waliofanya kazi Perth, Australia, walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye mkosaji mkuu, nao wakapewa Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo huuawa kwa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya asidi, zote za kumeza, kwa kawaida kwa siku 14. Mgonjwa anayechomwa sindano tatu, akapata nafuu na kuondoka, amemwacha mkosaji nyumbani. Na vidonda vinavyoletwa na diklofenaki na dawa nyingine za maumivu, ambazo mkulima wa alizeti mwenye mgongo unaouma humeza kila jioni, ni vigumu kuisha kabisa kwa sindano iwapo dawa hizo zinaendelea.

Pingamizi moja nalipa uzito. Mtu atasema: anayeumia leo anataka nafuu leo, na sindano huipunguza asidi mapema zaidi. Ni kweli, siku ya kwanza sindano hutangulia. Baada ya siku chache kapsuli imeshaifikia, kwa gharama ndogo mno na bila kutoboa mshipa. Anayetapika kila anachomeza, au asiyeweza kumeza kabisa, ana haki ya sindano. Mwenye kiungulia anayekula ugali wake wa uwele akashiba hana sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni la wauguzi na matabibu: mgonjwa akinyimwa sindano atakwenda atakakochomwa. Hilo nalo ni kweli, na halihusu Singida peke yake. Mtafiti Harriet Birungi alieleza mwaka 1998 jinsi kaya za Uganda zilivyokuwa zikihifadhi sindano na bomba zao zenyewe nyumbani, kwa sababu zilimwamini jirani anayejua kuchoma kuliko hospitali ya serikali. Ila hoja hii inaeleza kwa nini sindano hutolewa. Haithibitishi kwamba inaponya zaidi.

Linalonisumbua zaidi ni anayetapika damu, yaani yule ambaye sindano hii inamfaa kuliko wengine. Hong Kong endoskopu ilitangulia, dawa ikafuata. Kwa mtu wa Iguguno, kipimo hicho kiko mbali, kwenye hospitali kubwa, na safari ni ya barabara. Isitoshe, si kila damu inayotapikwa inatoka kwenye kidonda. Katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, wengi hutokwa damu kwenye mishipa ya umio iliyovimba baada ya kichocho kuharibu ini, na hapo kupunguza asidi hakuigusi damu hiyo. Kwa hiyo kinachotangulia ni maji ya dripu, damu ya kuongezewa na gari la kumfikisha kwenye endoskopu. Omeprazole ya mshipani inaweza kuanza njiani, mradi isiwe sababu ya gari kuchelewa kuondoka.